Usimpakulie Mtu Sufuria Zima



Najua kurasa hizi tumezizoea kwa habari za vibali vya kuishi, bei za vyumba na nani anapika pilau lini. Leo naomba mnivumilie, nataka kuongelea kompyuta. Wale wa sheria na uchumi msigeuze ukurasa haraka, maana habari yenyewe ni ya pesa na ya urafiki, na mkosaji wa kwanza ndani yake ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana, Jumapili moja asubuhi, nilipata ujumbe kutoka kwa rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam. Tulisoma wote shahada ya kwanza. Yeye akabaki nyumbani, mimi nikaja huku Brussels kuendelea. Hata hivyo kazi yetu ni moja. Tunatengeneza programu ya kukadiria maji yanavyojaa kwenye bonde la Mto Msimbazi, lile bonde ambalo masika yakichachamaa barabara ya Jangwani inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Mimi naandika hesabu za mtiririko, yeye anayajua maji yenyewe, maana anakaa Kigogo na ameyaona yakiingia sebuleni. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, imekata kwenye asilimia 83. Na bando nalo limeisha."

Nikamjibu kama mtu aliyezoea Ulaya: "Pole mkuu, jaribu tena."

Jamani, ajaribu tena kwa bando la nani?

Kwa wasioijua, Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi. Ukibadili mstari mmoja wa msimbo, Git inaandika nani kabadili, lini, na kwa sababu gani, na unaweza kurudi nyuma hadi siku ya kwanza. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, pale yeye na wenzake wanaotengeneza kiini cha Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bure programu iitwayo BitKeeper. Kabla ya hapo wengi walitumia CVS na Subversion, ambako historia yote inakaa kwenye seva na wewe unapewa toleo la leo tu. Git inafanya kinyume: kila mshiriki anabeba ghala zima nyumbani kwake, historia na kila kitu. Kusema kweli, kwa watu wa kwetu huu ni utaratibu mzuri. Ukishakuwa na ghala lako, chaji ikiwepo unafanya kazi, intaneti iwepo isiwepo. Shida ni siku ya kwanza. Siku ya kwanza lazima upakue sufuria zima, hata kama una njaa ya sahani moja.

Na sufuria lenyewe halipakuliwi kwa awamu. Wimbo ukikatika katikati unaweza kuendelea pale ulipoishia, sinema vilevile. Git haifanyi hivyo. Seva haina faili moja lililokaa tayari likikusubiri. Kila anayeomba anafungiwa furushi lake palepale, na laini ikikatika furushi la nusu linatupwa. Zile asilimia 83 alizokuwa amekwisha kuzilipia zikawa sifuri. Na hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza umeme ulikatika.

Sasa nikiri. Ghala letu lilikuwa na uzito wa gigabaiti 2.6. Nilipokaa chini kulipima nikakuta msimbo na historia yake yote havifiki megabaiti 30. Vilivyobaki vyote vilikuwa vyangu: ramani za mwinuko na picha za droni nilizozitupia humo miezi ya mwanzo, halafu nikazifuta nikidhani yameisha. Hayaishi. Kwenye Git kufuta faili ni kuandika tu kwamba kuanzia leo halipo. Lile la zamani linabaki kwenye historia, na kila anayekuja anabebeshwa. Mimi sikuona kitu kwa sababu laini ya chuoni inavuta gigabaiti 2.6 kabla chai haijapoa. Miezi kumi na moja nilikuwa nimeweka jiwe mlangoni, na mimi ndiye niliyekuwa ndani.

Dawa ipo, na ndiyo hasa ninayotaka kuizungumzia, yaani kupakua sehemu na kuharakisha upakuaji huo. Ila dawa yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya Kigogo. Mwaka 2017 Microsoft ilieleza jinsi ilivyohamishia msimbo wa Windows kwenye Git: mafaili milioni 3.5 hivi, ghala la gigabaiti 300 hivi. Kulinakili kulichukua zaidi ya saa 12, wao hao, pamoja na mtandao walio nao. Wakabuni njia ya kuleta faili pale tu linapohitajika, saa zikashuka zikawa dakika. Google nao walikuwa na maghala yao makubwa, wakaingia kwenye kazi hiyo, na mwaka 2018 kupakua sehemu kukaanza kuingia ndani ya Git hii hii ambayo mimi na wewe tunatumia. Sina kinyongo. Barabara ikijengwa kwa ajili ya malori ya mgodi na baiskeli inapita. Lakini aliyeijenga hakuwa anaiwaza baiskeli, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wanaijua, ya kuomba toleo la leo tu bila historia. Unaandika --depth 1, basi. Kila nikisimulia mkasa huu chuoni, mtu ananiambia, "Si ungempa depth 1?" Ningeweza. Kwa mtu anayetaka kuijaribu programu kisha aitupe inatosha, na kwa mashine inayojenga programu usiku na kufuta kila kitu asubuhi inatosha kabisa. Lakini rafiki yangu si mteja wangu. Ukimpa mtu toleo la leo bila historia umemwambia atumie, asiulize. Hawezi kuona mstari huu ulitoka wapi, kwa nini namba hii ni 0.035 na si 0.03, nani aliiweka na alikuwa anafikiri nini. Tena ghala la namna hiyo linaweza kuielemea seva kila unapotaka kuliongeza baadaye. Mwaka 2016 mradi wa CocoaPods, unaotumiwa na waandishi wa programu za iPhone, ulipunguziwa kasi na GitHub, na upakuaji wa namna hiyo ulikuwa mmoja wa sababu.

Njia ninayoitetea mimi ni ya kichujio. Unaandika git clone --filter=blob:none na anwani ya ghala lako. Hapo seva inakupa kumbukumbu zote za mabadiliko, nani na lini na kwa nini, pamoja na orodha za mafaili yote tangu mwanzo. Yaliyomo ndani ya mafaili inakupa ya leo tu. Ya zamani utayaomba siku ukiyahitaji. Yaani unapewa sahani, lakini sufuria unaliona lilipo na unajua kuna nini ndani.

Basi nikamwandikia amri hiyo, nikamwambia safari hii kaka utaona mwenyewe. Akanunua bando la tatu.

Kumbe seva ya idara nilikoliweka ghala letu haikuwa imeruhusiwa kuchuja. Na Git ikikuta seva ya hivyo haisimami kukuuliza. Inaandika mstari mmoja wa onyo, kwamba seva haitambui kichujio hivyo kinapuuzwa, halafu inaendelea kupakua sufuria zima kama kawaida. Mtu mzima ameacha kompyuta ikifanya kazi, katoka kwenda kununua mkate. Aliporudi bando lilikuwa limekwenda na maji.

Nikamtumia hela ya bando kwa simu. Akairudisha, na chini yake akaandika maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Kaka, mimi si kibarua wako. Kama hii kazi ni yetu, nitengenezee mlango. Kama ni yako, niambie niendelee na mambo yangu."

Nilikuwa nimesimama kituoni nikisubiri basi la 71. Yakapita mabasi mawili nimeshika simu tu.

Jumatatu nikaenda kwa mtunza seva. Ni mtu mstaarabu, hana neno. Akatazama, akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio, uploadpack.allowFilter, akauweka kuwa true, kazi ikaisha. Hata dakika mbili hazikufika. Nikamuuliza kwa nini haikuwa hivyo tangu zamani. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuomba.

Wasomaji wangu, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakuna aliyewahi kuomba! Mara nyingi tukikaa wenyewe kwa wenyewe pale Matonge tunalalamika kwamba Wazungu wanatengeneza vitu bila kutufikiria. Ni kweli, lakini hapa kitu kilikuwa kimetengenezwa, kipo, ni bure, kimezimwa tu kwa sababu hakuna anayekihitaji kati ya wale wanaokaa karibu na swichi. Na sisi ndio tunaokaa karibu na swichi. Sisi tuna washirika Nairobi, Kampala, Bukavu, Unguja, na tumekuwa tukiwaambia "pole, jaribu tena" kana kwamba kukatika kwa laini ni hali ya hewa.

Jumanne usiku akajaribu mara ya nne. Megabaiti 17, dakika tatu na nusu. Akaniandikia neno moja: "Nimeingia."

Na wiki mbili hazijaisha akaniumbua. Alisema maji ya kwenye programu yanaondoka haraka kuliko maji ya Kigogo. Nikamwambia pengine ni ramani. Akasema ramani iko sawa, ngoja nitafute. Akapekua historia akakuta usiku mmoja wa Oktoba nilibadili namba za ukwaru wa mfereji, ile namba ya Manning ambayo wahandisi wa maji mnaijua, na kwenye kipande kimoja cha mto 0.035 ikawa 0.0035. Kwenye maelezo nimeandika "marekebisho madogo". Miezi minne matokeo yetu yalikuwa na kasoro, na mchoro mmoja nilikuwa nimeshamwonyesha msimamizi wangu nikijidai. Kwa depth 1 rafiki yangu angeiona namba katikati ya mamia ya namba, asingejua kwamba ni mkono wangu uliosinzia.

Ila kuipata kulimgharimu, na hapa naomba niingie kidogo kwenye ufundi, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapozungumzia kasi. Aliiambia Git imwonyeshe kila mstari wa lile faili umetoka kwenye badiliko lipi. Faili lilikuwa na matoleo ya zamani kama 240. Kwenye kompyuta yangu jibu linakuja kabla sijapepesa jicho, kwa sababu mimi nina kila kitu. Kwake yeye matoleo ya zamani hayakuwepo, ikabidi yaombwe, na yakaombwa moja moja. Dakika tano! Na ukijumlisha vyote vilivyopakuliwa hata megabaiti moja haikufika.

Ni kama mama alivyokuwa anatutuma dukani. Anakutuma chumvi. Ukirudi unahema, anakumbuka kiberiti. Ukileta kiberiti, kumbe na sukari imeisha. Mzigo wote ungeingia kwenye mfuko mmoja wa nailoni, kinachokuua ni safari.

Hebu tupige hesabu. Kutoka Brussels hadi Dar kwa mstari mnyoofu ni kilomita 7,200 hivi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi haishuki chini ya milisekunde 72 hata umlipe nani. Na nyaya hazinyooki, zinazunguka baharini, na kila kituo cha njiani kinachukua chake. Sisi tulikuwa tunapima kama 200. Kila tolea moja la zamani linapoombwa Git inafungua mazungumzo mapya: kusalimiana, kuhakikishana usalama, kuulizana unajua lugha gani, ndipo kuomba. Tuseme safari sita. Sita mara milisekunde 200 ni sekunde 1.2. Zidisha mara 240, unapata sekunde 288. Ndiyo dakika tano zetu hizo. Laini yako iwe megabiti 5 au 500, dakika tano ziko palepale. Anayekuambia dawa ni kununua bando kubwa zaidi hajakaa na kikokotoo.

Matoleo hayo hayo 240 yakiombwa kwa mkupuo mmoja ni sekunde chache. Git imejua hilo kwa baadhi ya kazi tu: ukihamia kwenye tawi lingine inakusanya inachokosa na kuomba kwa pamoja. Kwa kazi za kupekua historia ilikuwa inakwenda moja moja. Machi 2025 lilitoka toleo la 2.49 likiwa na amri mpya ya majaribio, git backfill, inayokusanya vilivyokosekana na kuvileta kwa mafungu, na ukitaka inashughulika na folda ulizozichagua tu. Rafiki yangu sasa amechagua folda ya hesabu, ya picha kaiacha, na anaiendesha amri hiyo kwa bando la usiku. Asubuhi anapekua historia hata kama laini imekufa. Hilo la laini kufa lisisahaulike: ghala lenye kichujio bila kujaziwa hivyo linakuacha solemba siku intaneti ikikatika, maana linatafuta kwenye seva kitu ambacho kwenye Git ya kawaida kingekuwa chini ya mto wako. Anayekuuzia kichujio bila kukuambia hivyo anakuuzia nusu.

Wapo watakaosema mambo haya yamepitwa na wakati. Nyaya zimekuja, SEACOM imefika Dar na Mombasa tangu Julai 2009, TEAMS mwaka huo huo, EASSy 2010, tena Kenya wana Starlink tangu 2023. Nakubali, na mwenye umri wangu anakumbuka enzi za sahani kubwa za satelaiti ambapo safari moja ya kwenda na kurudi angani ilikuwa nusu sekunde na zaidi. Lakini ndugu zangu, tarehe 12 Mei 2024 mlikuwa wapi? Siku hiyo EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda, nchi nzima nzima zikawa zinakokota siku kadhaa. Miezi michache kabla yake nyaya nyingine zilikatika Bahari ya Shamu. Na hata siku nyaya zikiwa nzima, waya wa baharini hauishii Kigogo. Kigogo inafika kwa bando, na bando linahesabiwa.

Hivyo mimi sitetei tu kichujio. Natetea tabia ya kufikiri kwamba upande wa pili laini itakatika, na kupanga kazi ukijua hivyo. Zile picha za droni nimeziondoa kwenye historia kwa kifaa kiitwacho git filter-repo, kazi ya jioni moja, nikaziweka kama mafaili ya kawaida ambayo yakikatika yanaendelea pale yalipoishia. Tazama mradi wa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na ambao una waandishi wake Kampala na kwingineko: moduli zake zimegawanywa kwenye maghala mengi madogo, mtu anachukua ile anayoishughulikia.

Kuna na kifaa kingine ambacho watu wanakidharau kwa sababu ni cha zamani. Tangu 2007 Git ina amri ya bundle, inayofunga ghala zima, au mabadiliko ya wiki moja tu, ndani ya faili moja. Faili hilo ni faili kama mafaili mengine. Linapakuliwa kwa awamu, linatumwa kwa WhatsApp, linaingia kwenye flashi. Kernel.org wanaweka faili la namna hiyo kwa ajili ya wenye laini mbovu wanaotaka msimbo wa Linux, kwa hiyo si ujanja wa kimaskini. Tena sisi wa hapa tuna mtandao wetu wa kale kuliko wowote: kila anayeondoka Zaventem anabebeshwa viatu vya mpwa wa fulani na dawa za mama wa fulani. Flashi ina uzito gani? Ghala letu la kwanza lililokamilika, picha zote na kila kitu, lilifika Dar ndani ya begi la dada mmoja wa hapa aliyekuwa anakwenda kuolewa, limefungwa kwenye soksi. Hakuna laini iliyowahi kunipa kasi ile.

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, hapa hapa Brussels kunafanyika FOSDEM, mkutano wa watu wa programu huria, kwenye kampasi ya Solbosch ya ULB. Umekuwepo tangu 2001, kiingilio hakuna, kujiandikisha hakuna, unapanda 71 unashuka. Waandishi wa vyombo hivi hivi ninavyovitaja wanakuja pale, unamkuta mtu kwenye foleni ya chipsi. Nilipokwenda mara ya mwisho nilisikia hesabu nyingi za maghala makubwa, mamilioni ya mafaili, maelfu ya wahandisi. Sikumsikia mtu akitoa hesabu ya laini ya milisekunde 200 inayokatika kila baada ya dakika kumi. Lakini, niseme ukweli, na mimi sikunyoosha mkono. Nilikuwa na hesabu hizo mfukoni nikaona haya.

Ndipo nikajipa adhabu. Linux ina kifaa kiitwacho tc ambacho kinaweza kuichelewesha laini yako kwa makusudi na kudondosha baadhi ya vifurushi njiani. Nikajiwekea milisekunde 200 na kupotea kwa kifurushi kimoja katika mia, nikasema nitakaa hivyo wiki nzima nifanye kazi kama anavyofanya mwenzangu. Niliamka Jumatatu nikafungua. Jumanne saa tano asubuhi nilikizima, nikaenda kunywa kahawa, nikaona aibu, nikakiwasha tena. Nilimaliza wiki kwa taabu. Nimehifadhi vipimo vyote, na safari ijayo Solbosch nitavichapisha kwenye karatasi, nitavigawa. Anayetaka kuja na vipimo vyake vya Kisumu au Goma tuonane, nitakaa karibu na chipsi.

Wakati huo huo, naomba kila mwenye ghala la pamoja na watu wa nyumbani afanye jambo moja wiki hii: aliombe mwenyewe kwa kichujio, kutoka folda tupu, aone kama seva inamtii au inamwandikia ule mstari wa onyo. Ukiuona, nenda kwa mtunza seva wako. Atakuambia hakuna aliyewahi kuomba.

Kuhusu rafiki yangu, mwezi uliopita ameniletea hoja mpya. Anasema mto uko Dar, vipimo vinapimwa Dar, manispaa watakaotumia programu wako Dar, kwa nini ghala kuu liko Brussels? Lihamie kwenye seva ya chuo chake, mimi ndiye niwe wa kupakua kutoka mbali. Nikaanza kumtajia sababu: umeme, nakala za akiba, nani atakayeangalia usiku. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kaka, si una kichujio?"

Tunahamisha baada ya mitihani. Nimemkumbusha asisahau kuweka ule mstari mmoja kwenye mipangilio, akanijibu ameshauweka.